Mawe ya Stonehenge na swali la mzee: Umejuaje?

Nimerudi. Wiki kadhaa sijaandika kitu, na wengine mmeshaanza kuniuliza mitaani kama nimeacha kazi au nimeoa kimyakimya. Hapana jamani, hakuna lolote kati ya hayo. Nilikuwa nazunguka na jambo linalonihusu mimi mwenyewe, na si mnajua tena tabia yetu waandishi. Makosa ya wenzetu tunayaanika juani, ya kwetu tunayasukumia uvunguni. Leo nautoa mzigo uvunguni.

Jambo lenyewe ni mawe. Ndiyo, mawe.

Mwaka 2021 nilikuwa na miezi michache tu kazini. Siku moja, saa kumi na moja jioni, tangazo likaondolewa kwenye ukurasa wa makala na pakabaki shimo. Mhariri akatupa macho chumba kizima, akanikuta mimi. "Dogo, niletee maneno mia sita, nusu saa, chochote chenye picha nzuri." Nikaingia mtandaoni, nikakuta picha ya Stonehenge, lile duara la mawe makubwa kule kusini mwa Uingereza. Nikanakili, nikatafsiri, nikatia chumvi. Niliandika kwamba mawe yale yalisimamishwa na makasisi wa Kidruidi kwa ajili ya kutoa kafara za watu. Kisha nikafunga kwa mbwembwe, kwamba wapo wanaoamini viumbe wa sayari nyingine walihusika, kwa sababu watu wa zama zile wasingeweza peke yao kazi kubwa namna ile. Nusu saa haikuisha. Nikapongezwa.

Siku nne baadaye simu ya ofisi ikalia, nikaitwa. Sauti ya mzee, taratibu, kila neno limenyooka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika habari ya mawe ya Uingereza?"

"Ndiyo mzee."

"Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Iringa. Nina swali moja tu. Umejuaje?"

Nikadhani anasifia. Nikaanza kumweleza kwamba nilifanya utafiti wa kina. Akaniacha nimalize, akasema mjukuu wake wa darasa la sita amekata makala yangu, ameibandika kwenye daftari la maarifa, na mwalimu wake ameitia vema kwa kalamu nyekundu. "Sasa hilo neno lako la mwisho," akasema, "kwamba watu wa pale wasingeweza. Sisi tulipokuwa vijana tuliambiwa maneno hayohayo kuhusu Zimbabwe. Ndiyo maana nauliza. Umejuaje?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitafuatilia. Nilipopeleka hoja ya masahihisho kwa wakubwa, wakacheka. Mawe ya Wazungu, nani ataleta kesi mahakamani? Wakasema tusonge mbele, na mimi nikasonga mbele. Lakini kuna siku ningekuwa kwenye daladala, nimebanwa mlangoni, na lile swali linakuja tu.

Basi nikaanza kusoma, kidogokidogo.

Nilichokikuta kwanza kilinichekesha. Kumbe kutunga uongo kuhusu Stonehenge si ugonjwa wangu peke yangu. Karibu mwaka 1136 kasisi mmoja, Geoffrey wa Monmouth, aliandika kitabu cha historia ya wafalme wa Uingereza. Humo akasema mawe yale yaliletwa kutoka Ireland kwa ujanja wa mchawi Merlin. Na kule Ireland yalifikaje? Yalibebwa na majitu kutoka Afrika! Nilisoma mara mbili. Karibu miaka mia tisa iliyopita, mtu kakaa zake Uingereza, kakosa maelezo ya mawe ya nyumbani kwake, akayasukumia kwetu.

Baadaye mambo yakawa mazito zaidi. Mwaka 1620 Mfalme James wa Kwanza alimtuma msanifu majengo wake, Inigo Jones, akachunguze. Jones akahitimisha kwamba ni hekalu la Warumi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1655 yeye akiwa ameshafariki. Hoja yake mojawapo? Wenyeji wa kale wa kisiwa kile walikuwa washenzi, hawakuwa na elimu ya kujenga kitu kama kile. Naam, Mwingereza anawasema Waingereza wa kale hivyo. Mwaka 1663 akaja daktari, Walter Charleton, akasema ni Wadenmaki. Kisha John Aubrey, na baada yake William Stukeley katika kitabu chake cha mwaka 1740, wakawapa kazi Wadruidi. Hawa angalau walikuwa wa palepale, ila hesabu haikubali. Habari za Wadruidi tunazipata kwa waandishi wa Kirumi, karne ya kwanza kabla ya Kristo hivi. Mawe makubwa yalikuwa yamekwisha kusimama zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya hapo. Ni kama kusema daraja la Kigamboni lilijengwa na Mtume Paulo, ila kinyumenyume.

Ndipo nikamwelewa mzee wa Iringa. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu akayahusisha na Malkia wa Sheba. Mwaka 1891 akaja Theodore Bent, naye akawatafuta wajenzi kwa watu wa kale wa Uarabuni. Mwaka 1905 mwanaakiolojia David Randall-MacIver akachimba na kusema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika. Gertrude Caton-Thompson akalithibitisha hilo mwaka 1929. Lakini baada ya mwaka 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia haikutaka jibu lile lisikike, na mwanaakiolojia Peter Garlake akalazimika kuondoka nchini mwaka 1970. Kwa maneno mengine, "hawa wasingeweza" halijawahi kuwa neno dogo. Nchi nzima ilinyang'anywa watu kwa msaada wa neno hilo. Na mimi, mtoto wa Kiafrika mwenye kalamu, nililitoa bure ili kujaza shimo la tangazo.

Oktoba 2024 nikapata bahati ya kwenda Uingereza kwa mafunzo mafupi ya waandishi. Jumamosi ya kwanza wenzangu wakaenda kununua viatu, mimi nikapanda treni kituo cha Waterloo, mwendo wa kama saa moja na nusu hadi Salisbury, kisha basi. Kiingilio ni zaidi ya pauni 20, nikameza mate nikalipa.

Niwe mkweli, mara ya kwanza nilipoyaona nilisema moyoni, ndiyo hayo tu? Uwanda mpana wa majani, kondoo wanakula, barabara kuu inapita karibu na malori yake, na katikati pale rundo la mawe ya kijivu. Kwenye picha huwa yanajaza dunia. Lakini unavyozidi kuyazunguka (unapita kwenye njia, huruhusiwi kuyagusa siku za kawaida) ndivyo yanavyokua. Jiwe refu kuliko yote linapanda zaidi ya mita 6 juu ya ardhi, na kuna sehemu yake nyingine imezikwa chini. Mengi ya makubwa yana uzito wa tani 20 na kitu. Upepo ulikuwa wa kukata masikio, na kunguru wadogo walikuwa wanaingia na kutoka kwenye nyufa kama wapangaji waliolipa kodi ya mwaka.

Kitu kilichonishika ni pale juu. Kuna mawe yamelazwa juu ya yaliyosimama, mafundi wetu wangesema lenta. Hayakuwekwa tu. Juu ya jiwe lililosimama wamechonga kinundu, na chini ya jiwe la juu wamechonga tundu, vikaingiana. Babu yangu alikuwa seremala. Kiungo kile nilikiona kila siku utotoni, kwenye miguu ya stuli na fremu za milango. Watu wale walikuwa mafundi wa mbao, wakahamishia ufundi wao kwenye mawe. Kiumbe wa sayari nyingine angehitaji kiungo cha stuli kwa sababu gani?

Haya, sasa niseme kile ambacho ningepaswa kukiandika mwaka 2021, na safari hii kila sentensi ina mguu wa kusimamia.

Kazi ilianza karibu mwaka 3000 KK. Watu walichimba mtaro wa duara kwa pembe za kulungu. Pembe hizo walizitupa mtaroni, na kipimo cha kaboni kwenye pembe hizo ndicho kinachotupa umri. Ndani ya mtaro kuna mashimo 56 yaliyopangwa kwa mviringo, yanaitwa kwa jina la yule Aubrey. Ndani yake na kando yake ikapatikana mifupa ya binadamu iliyochomwa. Kwa hiyo tangu mwanzo pale palikuwa makaburini. Mawe makubwa yalisimamishwa karibu mwaka 2500 KK, yaani karne tano baadaye. Fikiria vizuri. Hao waliosimamisha mawe makubwa walikuwa mbali na waliochimba mtaro kama sisi tulivyo mbali na Vasco da Gama.

Mawe yalitoka wapi? Madogo, yanayoitwa mawe ya buluu, yalitoka milima ya Preseli huko Wales, zaidi ya kilomita 200. Mwanajiolojia Herbert Thomas alilionyesha hilo mwaka 1923 kwa kulinganisha miamba. Makubwa yalikuwa fumbo hadi mwaka 2020, na ufumbuzi wake ni hadithi nzuri. Mwaka 1958 wakati wa ukarabati, jiwe moja lilitobolewa ili litiwe vyuma. Fundi mmoja, Robert Phillips, akachukua kipande kilichotoka kama kumbukumbu, akahama nacho hadi Marekani. Mwaka 2018, akikaribia miaka 90, akakirudisha. Wanasayansi wakiongozwa na David Nash wakakipima, wakakuta mawe 50 kati ya 52 makubwa yaliyobaki yanafanana, na chimbuko lake ni msitu wa West Woods, kama kilomita 25 tu kaskazini. Fumbo la karne nyingi lilikuwa limekaa nyumbani kwa mzee mstaafu kwa miaka sitini.

Na Agosti 2024, miezi miwili tu kabla sijafika, likaja kubwa zaidi. Jiwe linaloitwa la Altare, lenye uzito wa tani 6 hivi, limelala katikati kabisa. Watafiti walipima chembe za madini ndani yake wakagundua limetoka kaskazini mashariki mwa Scotland, angalau kilomita 750. Ni zaidi ya Dar hadi Arusha, na jiwe la tani sita, bila farasi na bila gurudumu. Hilo haliwezi kuwa jambo la kijiji kimoja. Kulikuwa na watu wa Scotland, watu wa Wales na watu wa uwanda ule wakikubaliana jambo.

Walikubaliana nini? Hapo sasa ndipo kwenye utamu.

Februari 1998 mwanaakiolojia wa Kiingereza Mike Parker Pearson alimpeleka pale rafiki yake na mwanaakiolojia mwenzake kutoka Madagaska, Ramilisonina. Yeye alishangaa kwamba wenyeji wake wanahangaika na jibu. Kwao Madagaska nyumba ya aliye hai hujengwa kwa mbao, kwa sababu uhai unapita na mbao zinaoza. Kaburi hujengwa kwa jiwe, kwa sababu wahenga hawaondoki. Basi haya mawe ni ya wahenga. Wakaiandika hoja hiyo pamoja mwaka huohuo. Wataalamu wengine walikuja juu, wakauliza inakuwaje desturi ya Madagaska ieleze Uingereza ya miaka 4,500 iliyopita. Swali la haki kabisa. Umejuaje?

Wakaenda kuchimba. Karibu kilomita 3 kutoka kwenye mawe, mahali paitwapo Durrington Walls, palikuwa na duara za magogo ya mbao. Wakafukua na nyumba za watu, zilizokuwa zinakaliwa zama zilezile za mawe makubwa, na mifupa mingi ya nguruwe. Meno yanaonyesha wengi walichinjwa wakiwa na miezi kama tisa. Nguruwe aliyezaliwa majira ya kuchipua, ukihesabu miezi tisa, unaangukia katikati ya baridi. Na baadhi ya nguruwe hao walilelewa mbali sana na pale. Watu walikuja na vitoweo vyao, kama sisi tunavyopanda basi na kuku wa Krismasi.

Unganisha na jua. Mawe yamepangwa kwenye mstari mmoja. Tarehe 21 Juni hivi, siku ndefu kuliko zote, jua huchomoza upande mmoja wa mstari. Tarehe 21 Desemba hivi, siku fupi kuliko zote, linazama upande wa pili. Sisi wa huku karibu na ikweta siku zetu zinalingana mwaka mzima, hatuwezi kulijua vizuri jambo hili. Pale mwezi Desemba mwanga ni kama saa 8 tu. Nilikuwepo Oktoba, na giza la saa kumi na mbili jioni lilishaanza kunitia huzuni. Ningekuwa mkulima wa mwaka 2500 KK, mwenye ng'ombe na watoto, ningetaka sana kuwa na mahali pa kusimama na ndugu zangu, walio hai na waliokufa, siku ile jua linapogeuka kurudi.

Halafu nikawaza nyumbani. Kule Turkana, Kenya, kuna mahali panaitwa Lothagam Kaskazini. Karibu miaka 5,000 iliyopita, zama zilezile mtaro wa Stonehenge ulipokuwa unachimbwa, wafugaji walijenga jukwaa la mawe lenye upana wa mita kama 30 na kusimamisha nguzo za mawe. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria waliozikwa humo ni watu wasiopungua 580, wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga, kila mtu na mapambo yake, bila dalili ya tajiri kuwekwa juu ya maskini. Nao walikuwa katika zama ngumu, mvua zikipungua na ziwa likirudi nyuma. Mwanafunzi wetu anaijua Stonehenge kwa picha. Lothagam wangapi wanaijua? Mimi mwenyewe niliijua kwa kuifukuzia Stonehenge.

Niliporudi Dar nikatafuta namba ya mzee, niliyokuwa nimeiandika nyuma ya daftari la kazi. Nilipiga nikiwa na wasiwasi. Ni miaka mitatu, lolote linaweza kuwa limetokea. Akapokea.

"Shikamoo mzee. Mimi yule wa mawe."

Kimya kidogo. "Marahaba. Umechelewa, lakini umefika. Haya, umejuaje?"

Nikamsimulia yote. Pembe, kipande cha fundi, nguruwe, Ramilisonina. Alinikatiza mara nne, kila mara kwa swali lilelile, na mara moja nikakwama ikabidi nimwombe nikasome tena. Mwisho akasema, "Sasa hayo usiniambie mimi. Mwambie uliyemdanganya."

Mjukuu yuko sekondari sasa, kidato cha pili. Nikamwandikia barua ya karatasi, kurasa tatu, kwa sababu uongo wangu ulimfikia kwa karatasi. Nikamwomba radhi. Nikamwambia ile vema nyekundu haikuwa kosa lake wala la mwalimu wake, ilikuwa yangu. Wiki mbili baadaye likaja jibu, ukurasa mmoja. Anasema ameitafuta daftari ya zamani, ameikuta, amebandika barua yangu juu ya ile makala. Halafu ana swali: hao waliovuta mawe, majina yao walikuwa wanaitwa nani?

Hawakuwa na maandishi, nimemjibu. Majina hayakubaki hata moja. Kilichobaki ni pembe walizochimbia, mifupa waliyotafuna, majivu ya ndugu zao na kile kiungo cha seremala juu ya mawe.

Yule mhariri wa enzi zile ameshahama. Masahihisho hayakuchapwa mpaka leo, ndiyo maana nimeyaweka hapa, kwa jina langu. Kama na wewe uliisoma makala ile mwaka 2021, au uliipokea kwa mtu, basi tafadhali ifute kichwani. Na ukimkuta mtu anaisimulia, muulize tu taratibu, bila ugomvi, kama mzee wa Iringa alivyoniuliza mimi.

Haya, wacha niishie hapo, umeme wenyewe unacheza. Alamsiki.